Gari la spoti kuukuu Tukuyu: Bei ni nafuu, kilomita ndizo zinazokula mtaji

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta, na wenye magari hapa Tukuyu husoma mstari wa Rungwe kwa roho juu. Petroli inayofika huku imeshushwa bandarini na kusafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 800. Kwa hiyo Agosti 2022, wakati lita moja ilipofika sh. 3,410 Dar es Salaam, sisi wa milimani tulilipa zaidi ya hapo.

Tangu wakati huo bei imekuwa ikishuka na kupanda, lakini mazungumzo ya mafuta katika kurasa za kilimo hubaki kwenye malori ya mazao, Noah za abiria na bodaboda. Lipo kundi jingine ambalo huachwa nje. Hawa ni wakulima na wafanyabiashara, wengi wao vijana, ambao gari lao la kila siku ni gari la spoti lililozeeka. Pita Msasani asubuhi (nasema Msasani kata ya mji wa Tukuyu, si ile ya ufukweni Dar es Salaam) utaona ninachokisema: Altezza imeegeshwa mbele ya duka la pembejeo, Mark II GX100 inapakia mikungu miwili ya ndizi kwenye buti, Impreza yenye mlio mkubwa inapeleka watoto shule.

Wazee huwacheka. Mimi sioni cha kuchekesha, kwa sababu gari ni rasilimali ya biashara kama ilivyo ng'ombe au mashine ya kusaga, na inastahili kuhesabiwa. Swali ni moja tu: je, mtu ambaye kipato chake ni ndizi, chai, parachichi, viazi au duka anaweza kutumia gari la namna hii kila siku bila kula mtaji wake? Anaweza, ila kwa masharti, na masharti yenyewe hayahusu sana bei ya kulinunua.

Jinsi yalivyotufikia

Nchini Japani gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka huongezwa kwa takriban asilimia 15. Juu ya hiyo upo ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka miwili, na mwenye gari ndiye anayeugharamia. Wengi huona heri kuuza, na gari huishia mnadani kisha melini.

Majirani zetu waliweka ukuta. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuweka ukomo wa umri. Yenyewe iliweka kodi. Kwa gari dogo la abiria lililozidi miaka kumi, lenye injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000, viwango vya miaka ya karibuni vimekuwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, ushuru wa uchakavu asilimia 30, kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Chukua gari ambalo hadi linafika bandarini limegharimu sh. 100. Ushuru wa forodha unalifikisha 125. Asilimia 5 na 30 za hiyo 125 zinalifikisha karibu 169. VAT inalifikisha 199. Bado tozo ndogondogo hujaziweka. Kwa maneno mengine, umelinunua mara mbili.

Ndiyo maana mtu wa Tukuyu haagizi Altezza kutoka Japani. Hununua ile iliyokwisha kuzunguka hapa nchini, ya mkono wa tatu au wa nne, ambayo kodi yake ilishalipwa na mtu mwingine miaka mingi iliyopita. Hapo ndipo unafuu wake ulipo, na ni unafuu wa kweli. Gari jipya kiasi hupoteza thamani kila mwaka, wakati gari la miaka ishirini limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Ukilinunua leo kwa sh. milioni 9 na ukalitunza, baada ya miaka miwili unaweza kuliuza kwa bei isiyo mbali sana na hiyo.

Kosa hufanyika pale mnunuzi anapodhani kwamba kwa kuwa gari limeshuka bei, na gharama zake zimeshuka. Bei ya kununua hufuata umri wa gari, lakini gharama za kulitembeza hufuata jinsi lilivyotengenezwa. Altezza ilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005 kwa ajili ya mtu wa Japani mwenye kipato kizuri na barabara laini. Umri wake haujaibadilisha kuwa Vitz. Wafugaji wa hapa wanalijua jambo hili vizuri: ng'ombe wa kisasa ukimpata kwa bei ya kutupa kutoka kwa mwenye shida, bado atadai majani na pumba zilezile.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tufanye hesabu ya mfano. Kila mmoja aweke tarakimu zake mahali pa zangu. Tuseme mfanyabiashara wa Msasani anatembea kilomita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 12,000. Gari lake la silinda sita, lita mbili, gia za otomatiki, katika milima hii linakwenda kilomita 8 kwa lita. Gari dogo la injini ya lita 1.3 kwenye njia hizohizo tulipe kilomita 14. Petroli tuiweke sh. 3,000.

La spoti litakunywa lita 1,500, yaani sh. 4,500,000. Dogo litakunywa lita 857, yaani kama sh. 2,571,000. Matengenezo, pamoja na tairi, tuyawekee sh. 150 kwa kila kilomita kwa la spoti, na sh. 100 kwa dogo: sh. 1,800,000 dhidi ya sh. 1,200,000. Bima ya mtu wa tatu haiangalii spoti wala nini, tuiweke sh. 118,000 kwa kila moja. Jumla ni sh. 6,418,000 kwa gari la spoti na sh. 3,889,000 kwa gari dogo. Kilomita moja ya la kwanza ni sh. 535, ya la pili sh. 324.

Tofauti kwa mwaka ni sh. 2,529,000. Kwa bei ya sh. 5,000 kwa mche, fedha hizo zinanunua miche ya parachichi zaidi ya 500, ambayo ukiipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 inatosha ekari sita. Sisemi kila mwenye Altezza ana ekari sita zinazomsubiri. Nasema hiyo ndiyo bei ya mlio ule wa eksozi, na anayeilipa aijue.

Ikumbukwe pia kwamba namna serikali inavyotoza magari imebadilika, na mabadiliko hayo yanaligusa gari lenye kiu kuliko mengine. Hadi mwaka 2017 kila mwenye gari alilipa ada ya leseni ya mwaka, gari litembee au lilale. Bajeti ya mwaka huo iliifuta, na ushuru wa petroli ukaongezwa sh. 40 kwa lita. Mwaka 2021 ikaja nyongeza ya sh. 100 kwa lita kwa ajili ya barabara, na mwaka 2023 sh. 100 nyingine. Kwa hatua hizo tatu pekee ni sh. 240 kwa kila lita. Gari dogo la mfano wetu linachangia kama sh. 206,000 kwa mwaka, la spoti sh. 360,000. Gari la spoti linalolala nyumbani siku tano na kutoka Jumapili limepunguziwa mzigo na mabadiliko hayo. Linalotoka kila siku limeongezewa. Mwenye mashine ya kumwagilia ya petroli naye yumo katika mkumbo huo, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Mlima, mvua na baridi

Hesabu ile ya sh. 150 kwa kilomita inashikilia tu iwapo gari linatunzwa kwa kufuata mazingira ya hapa. Tukuyu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Ukienda Mbeya unapanda Isongole kisha unateremkia Uyole kupitia mteremko wa Igawilo, ambao sina haja ya kueleza sifa zake. Ukienda Kyela unashuka karibu mita 1,000 hadi kwenye joto la ziwani, na jioni unazipanda tena.

Safari ya Kyela ndiyo mtihani wa rejeta. Gari linaloonekana zima kabisa Msasani, ambako hewa ni baridi, linaweza kuchemsha likipanda kutoka Kyela na watu wanne na magunia mawili ya mpunga. Likichemsha mara moja, gasketi ya silinda hedi imeumia. Likichemsha mara ya pili unazungumzia kufungua injini. Rejeta ya miaka ishirini ioshwe au ibadilishwe kabla, iwekewe kulanti na si maji ya mtoni.

Hapo kuna kosa moja ambalo tumelirithi kutoka kwa mafundi wa maeneo ya joto, nalo ni kuondoa themostati ili gari "lisichemshe". Themostati kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Ukiitoa, katika baridi ya Juni na Julai hapa kwetu injini haifiki joto lake la kazi katika safari fupi za Msasani hadi sokoni. Kompyuta ya gari, ikiona injini ni baridi, inaongeza petroli. Unachoma mafuta kila asubuhi kwa sababu ya kifaa kilichotupwa na fundi. Ukinunua gari kuukuu, hili liwe miongoni mwa mambo ya kwanza kuuliza. Jingine liulize chini ya gari: je, masega ya eksozi yapo, au yalishakatwa na kuuzwa?

Breki nazo zina habari yake. Anayeteremka Igawilo au kwenda Kyela akiwa ameweka D na mguu umekaa kwenye breki muda wote anapika pedi na diski, na mafuta ya breki ya zamani, ambayo hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, yanaweza kuchemka. Mguu unazama na gari halisimami. Tumia gia ya chini hata kwenye otomatiki, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kujaza tangi.

Kuhusu tairi nitasema kifupi. Magari haya mengi yana rimu za inchi 17 na tairi nyembamba za ubavu, ambazo shimo moja tu baada ya mvua linatosha kupindisha rimu. Rimu ya inchi 15 au 16, ikiwa inapita kwenye breki zake, na tairi yenye ubavu mnene zaidi itakufaa huku, japokuwa vijana hawataipenda. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2218 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2018. Tairi ya mtumba yenye vinundu vizuri lakini ya miaka kumi isikupeleke Uyole kwenye mvua, hasa kwa gari linalosukumwa na tairi za nyuma kama Altezza na Mark II.

Fungua boneti kabla ya kulipa

Altezza mbili zilizosimama pamoja zinaweza kuwa biashara mbili tofauti. Moja ina injini ya 1G-FE ya silinda sita, ileile inayopatikana kwenye Mark II, Chaser, Cresta na Crown za miaka hiyo. Vipuri vyake viko Mbeya mjini, na visipokuwepo vinatoka Dar es Salaam kwa basi la usiku. Fundi wa kawaida wa Tukuyu ameshaifungua mara nyingi. Ya pili, RS200, ina 3S-GE ya silinda nne, yenye nguvu za farasi 210, na kwa Japani ilitengenezwa kutumia petroli ya daraja la juu. Toleo lake lililomo ndani ya Altezza halikuwekwa kwenye magari mengine ya kawaida, hivyo kifaa kikiharibika unasubiri.

Neno "unasubiri" ndilo linalopaswa kumtisha mfanyabiashara kuliko bei ya kifaa chenyewe. Kifaa cha sh. 200,000 kinachochukua wiki mbili kufika kinaweza kukugharimu zaidi ya kifaa cha sh. 400,000 kinachopatikana leo, ukihesabu nauli, wateja waliokosa mzigo na safari ulizokodi. Kwa sababu hiyo hiyo simshauri mtu wa biashara kununua Impreza ya turbo kwa kazi ya kila siku. Ni gari zuri, lakini joto lake, mafuta yake na fundi wake vyote ni vya pekee.

Kwa injini zote mbili za Altezza, mkanda wa taimingi ubadilishwe siku unayonunua, pamoja na pampu ya maji na rola zake. Usiulize kilomita, kwa kuwa mita ya gari la mkono wa nne haina ushahidi wowote. Mkanda ukikatika mwendoni unaweza kuharibu vali, na hapo bei ya injini inaikaribia bei ya gari. Mafuta ya gia ya otomatiki nayo yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si yoyote yaliyopo kwenye pipa la gereji.

Gari lisilofika shambani

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko petroli. Gari la spoti liko chini. Machi na Aprili, barabara za udongo za kwenda Mwakaleli au Masoko zikiwa zimelowa, halifiki mahali mazao yanapokusanywa. Mwenye nalo anaegesha kwenye lami, anakodi bodaboda au pikapu, kisha anarudi kuendesha gari lake mjini. Analipa usafiri mara mbili, na ule wa pili hauandikwi popote. Kabla ya kununua, hesabu kwenye kalenda ya mwaka jana ni safari ngapi za biashara yako zilikuwa nje ya lami. Zikizidi theluthi moja, gari hili si lako kwa sasa, hata ukipewa kwa nusu bei.

Kinyume chake, mwenye duka mjini, mwalimu anayefuga ng'ombe wawili nyumbani, au dalali ambaye mzigo wake husafiri kwa Fuso za watu wengine, huyo kazi yake iko kwenye lami. Kwake tofauti ya sh. milioni mbili na nusu ni gharama ya kulipenda gari, na anaweza kuibeba ikiwa biashara inazalisha.

Jinsi ya kuibeba ndipo wengi wanapoangukia. Fedha ya ndizi huingia kila wiki, ya chai kwa mwezi, ya parachichi kwa msimu. Gari kuukuu halina msimu. Huharibika siku linayotaka, na mara nyingi hutaka wakati wa mvua kubwa, ambapo nyaya hulowa, bushi hukatika na shokapu huvuja. Asiye na akiba huchukua fedha ya mbolea, au mkopo wa SACCOS uliombwa kwa jina la pembejeo ukaishia gereji. Dawa yake si ngumu. Kila Jumamosi soma mita, zidisha kilomita za wiki kwa sh. 150, na kiasi hicho kiende kwenye namba ya simu ambayo haitumiki kwa kitu kingine. Kwa mfano wetu ni kama sh. 36,000 kwa wiki ya kazi ya siku sita. Wiki ambayo biashara haiwezi kutoa sh. 36,000, gari libaki nyumbani na mtu apande Noah.

Kwa mwenye RS200 yenye gia za klachi na injini yake ya asili, kuna habari moja kutoka mbali. Marekani huruhusu gari la kigeni lisilotengenezwa kwa viwango vyake kuingia likifikisha miaka 25, na Altezza za kwanza, za mwaka 1998, zilivuka mstari huo mwaka 2023. Minada ya Japani sasa ina wanunuzi wengine wenye dola, na natarajia injini na vipuri vya mtumba vya magari haya vizidi kuwa ghali kwetu. Anayefikiria kubadilisha injini ya asili na kuweka nyingine asiitupe ile ya zamani kwa bei ya chuma chakavu.

Na anayetaka kuuza afanye hivyo kati ya Julai na Septemba, barabara zikiwa kavu na gari likiwa halijapita mvua nyingine. Aprili mnunuzi humkuta mwenye gari lililokwama akiwa na shida ya fedha, na bei hupangwa na mnunuzi.